Kazi za Dharura Zisiwapite Walemavu

Msafiri anayetoka mjini Migori kuelekea Ziwa Victoria hufika Macalder, mahali palipopata sifa kwa shaba na dhahabu. Mgodi mkubwa ulifungwa katika miaka ya 1960, lakini uchimbaji haukukoma. Hadi leo watu huteremka mashimoni kwa kamba na sururu kutafuta riziki. Mashimo hayo hulisha jamaa nyingi, na mara nyingine huwaporomokea walio ndani. Wahenga waliponena kuwa kabla hujafa hujaumbika, walinena jambo ambalo sisi wa huku tunalishuhudia kwa macho.

Ninaye jirani, fundi viatu, ambaye hutembea kwa magongo tangu shimo lilipomwangukia. Corona ilipoingia nchini Machi 2020, na soko alimozoea kuketi likafungwa, alibaki na nyundo, sindano na gundi yake pasipo mteja. Akasikia kwamba vibarua wa usafi wanaandikishwa. Nilifuatana naye. Karani aliyeshika orodha aliyatazama magongo kabla ya kumtazama uso, kisha akasema, "Omera, kazi hii ni ya jembe na fyekeo."

Jirani yangu hakukasirika. Alimweleza kwamba vibarua huhitaji mtu wa kuweka daftari la mahudhurio, na kwamba dumu la maji ya kunawa linahitaji msimamizi wa kuhakikisha sabuni ipo na kila apitaye amenawa. Kazi zote mbili hufanywa mtu akiwa ameketi. Hata hivyo, jina lake halikuandikwa. Tulirudi nyumbani kimya.

Sisemi haya kwa kuikana hisani ya serikali. Mwaka huo huo ilianzisha mpango wa Kazi Mtaani, na vijana wakalipwa kwa kufagia na kuzibua mitaro. Katika awamu ya pili ujira ulikuwa shilingi 455 kwa siku, fedha zilizoinjika vyungu vingi. Aidha, mpango wa Inua Jamii umekuwa ukitoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa ajili ya wenye ulemavu uliokithiri. Lakini fundi viatu si mtu wa kulishwa na kuvishwa. Yeye ana mikono, ana akili, na alichoomba kilikuwa kazi.

Msomaji atauliza, je, sheria ilinyamaza? La hasha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ililipa Baraza la Kitaifa jukumu la kujitahidi ili asilimia 5 ya kazi za kibarua, za dharura na za mkataba zitengewe walemavu. Neno dharura lilikuwa limeandikwa miaka 17 kabla ya corona. Nayo Katiba ya 2010 ikaja kukariri kiwango hicho cha asilimia 5 kwa nyadhifa za umma. Kilichokosekana ni mtu wa kuifikisha sheria hiyo mezani kwa karani.

Wala idadi yao si ya kupuuzwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 918,270 wenye ulemavu, wa umri wa miaka 5 na zaidi, yaani asilimia 2.2 ya Wakenya wa umri huo. Katika kaunti jirani ya Homa Bay kiwango kilifika asilimia 4.3, karibu maradufu ya kile cha taifa.

Mwaka 2025 tulipata sheria mpya, inayowataka waajiri wenye wafanyakazi kuanzia 20 kutenga asilimia 5 ya nafasi. Ni hatua njema. Lakini Macalder, ni wangapi walioajiri watu 20? Hapa kuna wachimbaji, wachuuzi, wavuvi na mafundi, kila mmoja akijitafutia. Ndiyo maana wakati wa janga serikali yenyewe hugeuka mwajiri mkuu wa kijiji, na orodha ya vibarua ndiyo mahali pekee ambapo sheria inaweza kumfikia mtu wa magongo.

Janga nalo halina miadi. Mnamo 2025 kipindupindu kiliingia tena katika kaunti ya Migori. Kwa hiyo haifai kungoja dharura nyingine ndipo tukumbuke. Nafasi za walemavu zihesabiwe kabla orodha haijafunguliwa. Kazi zigawanywe kwa aina, za kusimama na za kuketi, za nguvu na za kalamu. Tangazo la baraza lifasiriwe kwa lugha ya ishara, maana kiziwi hasikii kipaza sauti, na barakoa humfichia midomo ya msemaji. Na idadi ya walioajiriwa ibandikwe ukutani, kila raia aisome.

Jirani yangu amerudi sokoni na anashona viatu kama zamani. Karani akija tena na daftari lake, na aanze kwa kumwuliza anaweza kufanya nini.