Rais Aliyekubali Kiti cha Chini

Sote tumepata kumwona mtu aliyeondolewa katika cheo, naye hataki tena kukaa pamoja na wenziwe. Basi, sikilizeni habari za John Quincy Adams, Rais wa sita wa Marekani.

Alizaliwa mwaka 1767 katika Massachusetts. Baba yake, John Adams, alikuwa Rais wa pili. Yeye mwenyewe alitawala tangu 1825 hata 1829. Lakini watu hawakumchagua mara ya pili, wakampa Andrew Jackson mahali pake. Akashuka kwa uchungu, naye ana umri wa miaka 61.

Mwaka 1830 watu wa kwao walimchagua awe mjumbe wao katika Baraza la Wawakilishi. Wengine waliona ni aibu kwa mtu aliyekuwa Rais. Yeye hakuona aibu kuwatumikia watu. Akaingia barazani mwaka 1831, akatumika humo hata kufa kwake.

Siku zile watu weusi zaidi ya milioni mbili walikuwa watumwa katika nchi ile. Raia wengi walipeleka maombi ili utumwa ukomeshwe, lakini mwaka 1836 Baraza likaamuru maombi hayo yasijadiliwe kamwe. Adams aliipinga amri hiyo mwaka baada ya mwaka, akitukanwa na kutishwa, hata ilipofutwa mwaka 1844.

Tena, mwaka 1839 Waafrika, wengi wao Wamende, walioibwa kwao na kuuzwa Cuba, waliinuka wakaiteka meli iitwayo Amistad, kiongozi wao akiwa Sengbe Pieh. Walikamatwa pwani ya Marekani, wakatiwa gerezani. Adams, mzee wa miaka 73, akawatetea mbele ya Mahakama Kuu mwaka 1841, nayo ikahukumu kwamba ni watu huru. Mwisho wa mwaka huo watu 35 waliosalia wakapanda meli kurudi Sierra Leone, na wamisionari pamoja nao.

Tarehe 21 Februari 1848 Adams alianguka kitini pake barazani. Akafa tarehe 23, katika jumba lilo hilo.

Ndugu, ukiondolewa katika uzee wa kanisa au ukuu wa kijiji, usiketi nyumbani ukinuna. Wamende wale hawakupata msaada wa Rais aliyekuwa akitawala. Waliupata kwa mzee aliyekwisha kushushwa, asione haya kufanya kazi.