Kipupwe na Familia: Kufundisha Elimu ya Mazingira Pamoja na Wazazi katika Bonde la Rukwa

Utangulizi

Katika nchi za baridi kali, kama vile Kanada na sehemu za kaskazini za Marekani, vipo vituo maalumu ambako familia hufika wakati wa majira ya baridi ili kujifunza habari za wanyama na mimea. Wazazi na watoto hutembea pamoja juu ya theluji, huchunguza nyayo za wanyama, hutazama ndege waliobaki na kuuliza wale wengine wamekwenda wapi. Mwongozaji wao hasemi sana. Kazi yake kubwa ni kuwaonyesha pa kutazama.

Mwanachuo atakayepangiwa kufundisha Mtowisa, chini ya ule ukuta mrefu wa Lyamba lya Mfipa, hatakuta theluji wala jengo lenye kibao cha kituo cha namna hiyo. Hata hivyo atakuta karibu kila kitu ambacho vituo hivyo hutafuta: ukuta wa Bonde la Ufa, vijito vinavyoshuka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa, misitu ya miombo, mbuga za nyasi, na Ziwa Rukwa. Atakuta pia kipupwe, na watu waliokaa na vitu hivyo maisha yao yote. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi mwalimu wa shule ya msingi anavyoweza kutumia majira hayo kuwafundisha watoto mazingira, wazazi wao wakiwa pamoja nao na wakiwa walimu wenzake.

Kwa nini wakati wa kipupwe?

Sababu ya kwanza ni nafasi. Mkoa wa Rukwa una msimu mmoja wa mvua, ambao huanza karibu na Novemba na kumalizika karibu na Aprili. Ifikapo Juni na Julai mavuno mengi yamekwisha kuingia au yanamalizikia. Shule nazo huwa na likizo ya katikati ya mwaka. Mzazi ambaye mwezi Januari hawezi kuliacha jembe hata kwa saa moja, mwezi Julai aweza kutoa asubuhi nzima.

Sababu ya pili ni kwamba nchi yenyewe husomeka vizuri zaidi wakati huo. Vijito hupungua na kuacha michanga wazi. Nyasi hukauka, ndege huonekana kwa urahisi, na anga huwa safi.

Sababu ya tatu ni nzito kuliko hizo mbili. Katika shule nyingi mzazi huitwa shuleni kwa mambo mawili tu: mchango au kosa la mtoto wake. Asiyejua kusoma huketi nyuma akinyamaza, na mtoto humwona akinyamaza. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya elimu inayomfanya mtoto aamini kwamba maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni au kwa waliosoma. Onyo hilo halijachakaa. Mtoto anayeweza kuchora twiga kutoka kitabuni, lakini asiyejua jina la mti ulio nyuma ya darasa lake, amefundishwa kuiona nchi yake kuwa si somo. Mbaya zaidi, amefundishwa kumwona baba yake, anayeujua mti ule, kuwa si mtu mwenye elimu.

Matayarisho

Safari ya namna hii huharibika au kufaulu kabla ya siku yenyewe. Mwalimu afanye yafuatayo:

(a) Apate kibali cha mwalimu mkuu, na aiarifu serikali ya kijiji. Ikiwa njia inakaribia eneo lililohifadhiwa kisheria, ruhusa ya wahusika itafutwe kwanza.

(b) Aende mwenyewe mahali hapo siku mbili tatu kabla, akiwa na mwenyeji mmoja. Mwalimu mgeni asione haya kuongozwa.

(c) Aalike familia kwa mdomo, nyumba kwa nyumba inapowezekana. Barua humfikia msomaji tu. Aeleze waziwazi kwamba hakuna mchango utakaoombwa.

(d) Aweke mipaka ya usalama. Mamba na viboko wamo Ziwa Rukwa na katika baadhi ya mito yake. Wakati wa kipupwe mamba hupenda kulala ukingoni asubuhi ili kuota jua, kwa kuwa mwili wake haujitengenezei joto la kutosha. Basi asubuhi, ambayo kwa mambo mengine ndiyo saa nzuri, ndiyo pia saa ya kukaa mbali na ukingo. Mtoto yeyote asiingie majini, kwa ajili ya mamba na kwa ajili ya kichocho. Moto usiwashwe porini, maana nyasi ni kavu.

(e) Atayarishe maswali machache, wala asitayarishe hotuba.

Shughuli ya kwanza: Kusoma nyayo

Kile ambacho theluji huwafanyia watoto wa Kanada, mchanga wa kijito kilichokauka na vumbi la njiani huwafanyia watoto wa Mtowisa. Nyayo za usiku huonekana vizuri asubuhi na mapema, kabla watu na ng'ombe hawajapita, na jua likiwa bado chini kila alama hutupa kivuli kidogo.

Kila familia ipewe hatua kumi za mchanga iwe “ukurasa” wake. Mzazi na mtoto wajibu pamoja: Ni nani aliyepita hapa? Alikuwa akienda upande gani? Alikwenda taratibu au alikimbia? Tumejuaje? Swali hili la mwisho ndilo sayansi yenyewe. Mchungaji anayesema, “Huyu ng'ombe anachechemea,” ametazama nyayo nne, akalinganisha urefu wa hatua na kina cha alama, kisha akatoa hukumu. Mwalimu amwombe aeleze hatua kwa hatua jinsi alivyofikia hukumu hiyo, na watoto waipime kwa rula. Hapo watoto wataona kwamba kuchunguza, kupima na kuhitimisha ni mambo yafanywayo nyumbani kwao siku zote.

Shughuli ya pili: Kivuli cha fimbo

Watoto huuliza kwa nini Juni kuna baridi. Tusijibu upesi. Tusimike fimbo iliyonyooka, yenye urefu wa mita moja juu ya ardhi, mahali tambarare. Kila baada ya robo saa, kuanzia saa sita mchana, watoto waweke kijiwe penye ncha ya kivuli.

Mambo mawili yatawashangaza. Kwanza, kivuli kifupi kuliko vyote hakitatokea saa sita kamili, bali karibu dakika kumi kabla ya saa saba. Saa za Tanzania hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Mtowisa ipo karibu na nyuzi 32. Jua huchukua dakika 4 kuvuka kila nyuzi moja, hivyo hufika Mtowisa likiwa limechelewa kwa dakika 52 hivi. Pili, kivuli hicho kitaelekea kusini na kuwa na urefu wa sentimita 60 hivi. Fimbo hiyohiyo ikipimwa mwishoni mwa Desemba, kivuli kitaelekea kaskazini, na hakitafika sentimita 30.

Sasa sababu ya kipupwe yaweza kuelezwa juu ya jambo lililoonekana kwa macho. Mtowisa ipo karibu na latitudo ya nyuzi 8 kusini. Mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na miale yake huja kwa kulala. Joto lilelile husambaa juu ya ardhi kubwa zaidi. Usiku nao, kwa kuwa mawingu ni machache na hewa ni kavu, ardhi hupoteza joto lake upesi.

Wazazi wengi wana ndugu Sumbawanga, na hujua kwamba huko juu watu huvaa makoti wakati watu wa bondeni wametosheka na shati. Ziwa lipo kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Sumbawanga kiasi cha mita 1,800. Kwa kawaida kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi. Watoto wa darasa la tano na kuendelea waweza kufanya hesabu hiyo wenyewe, halafu wakamwuliza aliyeshuka kutoka Sumbawanga juma lile kama hesabu yao inakubaliana na ngozi yake.

Shughuli ya tatu: Mti mmoja, majina mengi

Kila familia ichague mti mmoja. Waandike jina lake kwa Kifipa, au kwa lugha nyingine ya nyumbani, na kwa Kiswahili kama lipo. Wafugaji Wasukuma waliohamia bondeni watakuwa na jina lao, na huenda hata matumizi yao. Mwalimu asisahihishe jina la mtu. Kisha waulize: Mti huu huangusha majani lini? Huchipua lini? Wafaa nini, na haufai nini?

Jibu moja litaleta mjadala mzuri. Miti mingi ya miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kisha huchipua majani mapya, mengine mekundu, kabla mvua haijanyesha. Maji ya kuchipulia yametoka wapi? Mzazi aliyewahi kuchimba kisima au kung'oa kisiki ataanza kuzungumzia mizizi. Kutoka hapo haitakuwa vigumu kuuliza litakalotokea kwenye mteremko wa Lyamba lya Mfipa ikiwa miti hiyo itakatwa yote, na udongo wake utakwenda wapi. Watoto wageuke watazame bondeni: jibu lipo chini yao, ziwani.

Shughuli ya nne: Ziwa lisilo na mto wa kutoka

Si lazima kwenda ziwani. Somo hili laweza kufanyika penye kivuli, kwa mazungumzo na sahani mbili. Ziwa Rukwa hupokea mito, miongoni mwake Songwe, Momba na Rungwa, lakini hakuna mto unaotoka humo. Maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke. Sahani moja ijazwe maji matupu, nyingine maji yaliyokorogwa kijiko cha chumvi, zote ziachwe juani siku kadhaa. Watoto wataona kinachoondoka na kinachobaki, na wataelewa kwa nini maji ya ziwa lile yana magadi.

Ziwa hilo ni la kina kifupi, hivyo mvua ikiongezeka au kupungua kidogo, ukingo husogea mbali sana. Katika vipindi vya ukame mkubwa limewahi hata kugawanyika mara mbili. Wazee waulizwe: Ukingo ulikuwa wapi ulipokuwa kijana?

Hapa pia ndipo mahali pa habari za nzige wekundu. Mbuga za Rukwa ni mojawapo ya mazalio yao makubwa. Makundi yaliyotoka huku na katika mbuga za Mweru wa Ntipa, zilizo katika Zambia ya leo, yalienea sehemu kubwa ya Afrika ya mashariki, ya kati na ya kusini kati ya mwaka 1930 na 1944. Kwa sababu hiyo mwaka 1949 iliundwa idara ya kimataifa ya kuwadhibiti, yenye makao yake Abercorn, ambayo sasa ni Mbala. Wakati wa kipupwe nzige hao huwa wamekwisha kuota mabawa lakini hawatagi. Hukaa katika nyasi ndefu wakingojea mvua. Mtoto wa Mtowisa anapaswa kujua kwamba nyasi anazoziona kila siku zimewahi kuamua njaa na shibe ya watu walio mbali mno naye.

Kazi ya kufuatia na tathmini

Siku isiishie njiani. Darasani watoto watengeneze chati ya miti, ya nyayo na ya vivuli. Chini ya kila maelezo waandike aliyeyatoa: “Tumeelezwa na mama wa mwenzetu,” au “Tumeelezwa na babu.” Chati itundikwe ukutani, na mzazi aalikwe kuiona. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake maneno aliyoyasema mwenyewe.

Panapotokea tofauti kati ya kitabu na mzee, mwalimu asiamue papo hapo. Apange namna ya kuchunguza. Yapo mambo ambayo mzee atakuwa amekosea, na yapo ambayo kitabu kiliandikiwa mahali pengine. Mtoto akiona yote mawili yakipimwa kwa kipimo kimoja, hatajifunza kumdharau mzee wala kukiabudu kitabu.

Kufaulu kwa kazi hii tukupime kwa maswali aliyoyauliza mtoto nyumbani baada ya siku hiyo, na kwa idadi ya wazazi watakaorudi shuleni bila kuitwa.

Maswali ya kujadiliwa na wanachuo

1. Umepangiwa shule ambayo huijui lugha ya wenyeji wake. Eleza jinsi utakavyoendesha shughuli ya tatu.

2. Mzazi mmoja anazungumza peke yake na wengine wananyamaza. Utafanya nini bila kumvunjia heshima?

3. Pima kivuli cha fimbo ya mita moja chuoni kwenu kila juma kwa muda wa muhula mmoja. Chora grafu, na ueleze umbo lake.

4. Tayarisha maswali matano ya kuuliza penye mchanga wenye nyayo. Futa kila swali linaloweza kujibiwa kwa “ndiyo” au “hapana”, kisha uandike jingine mahali pake.