Kenya: Wamisionari wenye mvi wafanya nini Nairobi?

Jijini Nairobi huonekana wazee wa kigeni, mume na mke, wenye beji nyeusi kifuani. Hao ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililozindua hekalu lake jijini humo mwezi Mei 2025.

Vijana wa kanisa hilo huhubiri kwa miezi 18 au 24. Wanandoa wazee hutumikia kati ya miezi 6 na 23. Wengi wao ni wastaafu. Hawalipwi mshahara, bali hujigharimia wenyewe. Husaidia kazi za ofisini, za hekaluni au za misaada kwa wahitaji.

Ratiba yao si kali kama ya vijana. Siku ya mapumziko huweza kwenda sokoni, au kutazama wanyama katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946 pembezoni mwa jiji.

Hata hivyo, gharama kubwa si fedha. Wajukuu huzaliwa nao wakiwa ng'ambo, na jamaa huugua wakiwa mbali. Likitokea jambo zito la kifamilia, huweza kuomba ruhusa fupi ya kurudi kwao, kwa nauli yao wenyewe.