Haanguki Tena, Lakini Hachezi

Mtoto akiwa na kifafa, macho yetu sote huwa kwenye kule kuanguka. Tunahesabu: wiki hii mara mbili, mwezi uliopita mara tano. Akipata dawa na kutulia, tunamshukuru Mungu na kuona kazi imekwisha. Leo nataka tutazame jambo ambalo hesabu hiyo hailionyeshi.

Mama mmoja wa hapa mjini aliniambia kuwa mwanawe wa miaka kumi hajaanguka tangu mfungo wa Ramadhani. "Lakini hachezi," akasema. Wenzake wakimwita, anageukia ukutani. Akiguswa kidogo, anafoka. Baba anasema ni ukaidi. Bibi anasema mtoto amedekezwa mno.

Huenda si ukaidi wala kudeka. Upo ugonjwa uitwao sonona, na watoto wenye kifafa hupatwa nao zaidi kuliko watoto wengine. Kwa mtu mzima tumezoea kuutambua kwa machozi na unyong'onyevu. Kwa mtoto mara nyingi hujitokeza kwa hasira, usingizi kuvurugika, kukataa chakula, au kuacha mambo aliyoyapenda. Hali hiyo ikidumu wiki mbili, aonwe na daktari.

Chanzo si kimoja. Ubongo wenyewe umo: sehemu ambazo baadhi ya vifafa huanzia ndizo pia zinazohusika na furaha na hofu.

Dawa nayo imo. Fenobabitoni, iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, ni ya bei nafuu na imewafaa wengi. Lakini kwa baadhi ya watoto huleta uzito, utukutu au huzuni. Hapa naomba mnisikilize vizuri: msimwachishe mtoto dawa ghafla. Kuikatiza kunaweza kuleta kifafa cha mfululizo kisichokoma, na mtoto akafa. Mwelezeni daktari, yeye ndiye wa kupunguza dozi au kubadili dawa polepole. Na sonona hutibika, kwa mazungumzo na mshauri na pengine kwa vidonge, huku dawa ya kifafa ikiendelea.

Kisha tupo sisi. Daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwei, aliyeanzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge, Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta wagonjwa wakitengwa kwa kuogopwa mate yao, na wengine wana makovu ya moto, maana walipoangukia jikoni watu waliogopa kuwagusa. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kugusana. Hata hivyo kikombe cha pembeni bado kipo, hata humu mjini, katika nyumba zenye televisheni sebuleni. Mtoto wa miaka kumi anajua vizuri kwa nini kikombe kile ni chake peke yake.

Basi mkienda kliniki, msipeleke hesabu ya kuanguka tu. Mwambieni daktari analalaje, anakula nini, anacheza na nani, na mwalimu anasemaje.

Mtoto akitamka kwamba heri afe, msimkemee wala msicheke. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake, na dawa zote za nyumbani, hata hizo za kifafa, zifungiwe mahali asipoweza kuzifikia.