Je, Wajua? Ngozi Iliyokataa, Figo Iliyokubali

Leo figo, ini hata moyo huhama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Njia hiyo ilifunguliwa kwa sehemu kubwa na mtafiti ambaye hakuwa hata daktari, naye alianzia kwenye ngozi.

1. Je, wajua kwamba Peter Medawar, anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa elimu ya upandikizaji wa viungo, alikuwa mtaalamu wa wanyama? Alizaliwa Brazili mwaka 1915, baba Mlebanoni na mama Mwingereza, akasomea Oxford.

2. Je, wajua kwamba kilichomwingiza katika kazi hii ni ajali? Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege ya kivita ilianguka karibu na nyumba yake Oxford, na mwanajeshi mmoja wa anga akaungua vibaya. Ngozi nzima iliyombakia haikutosha kufunika vidonda. Ya mtu mwingine ingeshika kwa siku chache tu, kisha ife. Kwa nini? Swali hilo Medawar hakuliacha tena.

3. Je, wajua kwamba jibu lilianza kuonekana Glasgow? Medawar na daktari wa upasuaji Thomas Gibson walimpandikizia mwanamke aliyeungua vipande vya ngozi ya kaka yake. Vilishika, kisha vikafa. Walipopandikiza awamu ya pili kutoka kwa kaka yuleyule, vikaharibika upesi zaidi. Mwili ulikuwa umemtambua mgeni na kumkumbuka! Taarifa yao ya mwaka 1943 ilionyesha kwamba kasoro haikuwa kwenye mkono wa daktari: aliyekuwa akikataa ni kinga ya mwili.

4. Je, wajua kwamba hakuridhika na mgonjwa mmoja? Alichukua sungura 25, akapandikiza ngozi ya kila mmoja kwa kila mwenzake na kwake mwenyewe. Piga hesabu: vipandikizi 625.

5. Je, wajua kwamba ng'ombe walimsahihisha? Mwaka 1948 alimhakikishia mwanasayansi mwenzake kwamba kupandikiza ngozi kungetofautisha ndama pacha wa yai moja na pacha wa kawaida, kwa kuwa hawa wa pili wangekataana. Hawakukataana. Ray Owen wa Marekani alikuwa ameshaandika mwaka 1945 kwamba ndama pacha huchanganya damu wakiwa bado tumboni. Aliyekutana na mgeni kabla ya kuzaliwa hamwoni tena kuwa mgeni.

6. Je, wajua kwamba makala iliyobadili fani nzima ilikuwa ya kurasa nne tu? Ilitoka katika jarida la Nature, Oktoba 1953, kwa majina ya Rupert Billingham, Leslie Brent na Medawar. Walidunga chembe hai za panya wa ukoo mmoja kwenye vijusi vya ukoo mwingine. Panya hao walipokua, walipokea ngozi ya ukoo ule bila kuikataa. Binadamu hawezi kutibiwa hivyo, lakini madaktari walipata walichokosa: uthibitisho kwamba ukuta wa kinga unavukika.

7. Je, wajua kwamba mwaka uliofuata, tarehe 23 Desemba 1954, Joseph Murray wa Boston alipandikiza figo kutoka kwa pacha kwenda kwa pacha mwenzake wa yai moja? Kwa kuwa miili yao ilifanana, kinga haikupinga. Mgonjwa aliishi miaka 8 zaidi.

8. Je, wajua kwamba Medawar aligawana fedha za Tuzo ya Nobel na Billingham na Brent? Tuzo ya 1960 ilitolewa kwake na Macfarlane Burnet wa Australia, ila yeye alijua kazi ilikuwa ya mikono mingi.

9. Je, wajua kwamba moyo wa kwanza wa binadamu kupandikizwa kwa binadamu, Cape Town, Desemba 1967, haukushindwa na kukataliwa? Mgonjwa wa daktari Christiaan Barnard alifariki baada ya siku 18 kwa nimonia, kinga yake ikiwa imeshushwa kwa dawa. Ukiishusha mno, maradhi huingia. Ukiiacha, hukitafuna kiungo.

10. Je, wajua kwamba dawa iliyosaidia kupata mizani hiyo ilitoka udongoni? Siklosporini ilitokana na kuvu aliyepatikana kwenye udongo wa Norwe. Roy Calne, daktari aliyevutiwa na utafiti wa Medawar tangu ujana wake, aliwapa wagonjwa wa figo dawa hiyo Cambridge mwaka 1978.

11. Je, wajua kwamba Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017? Kabla ya hapo, Watanzania walilazimika kuifuata huduma hiyo nje ya nchi.

12. Na je, wajua kwa nini aliyepandikizwa figo humeza vidonge kila siku, hata akijisikia mzima kabisa? Ni kwa sababu ya kile kilichoonekana Glasgow: mwili hukumbuka. Ukiwa na ndugu wa namna hiyo nyumbani, muulize leo kama amemeza dawa. Figo aliyopewa bado ni mgeni mwilini mwake, na kila kidonge humwombea mgeni huyo siku moja zaidi.