Mvinyo wa Dodoma: Uliza mwezi, si mwaka tu

Sisi tunaovusha mvinyo mwekundu wa Dodoma kupitia Rusumo na Kobero tunaijua kauli ya mteja: "Nipe wa zamani, ndio mtamu." Kauli hiyo imekula mitaji ya wengi, maana anayeiamini hulipia umri wa chupa badala ya ubora wake.

Imani hiyo ina asili yake Ulaya. Kule baridi huulaza mzabibu, nao huzaa mara moja tu kwa mwaka. Mwaka ulioandikwa kwenye chupa unaeleza jua na mvua ya msimu mmoja. Ndiyo maana wanywaji wa Bordeaux, Ufaransa, huusifu mwaka 2005 uliokuwa mkavu, na kuukwepa 2013 uliokuwa wa baridi na mvua.

Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo. Mkulima hupogoa mara mbili na kuvuna mara mbili: Februari hadi Machi, kisha Agosti hadi Septemba. Mvua za huko hunyesha kati ya Desemba na Aprili, hivyo zabibu za mavuno ya kwanza hukomaa majini. Sukari hupungua na ukungu huzishambulia. Za mavuno ya pili hukomaa kiangazi, sukari ikiwa imekolea.

Mimi huuliza mwezi wa mavuno kila ninaponunua, nikauandika kwenye chupa. Hivi karibuni nilifungua tatu za mtengenezaji mmoja. Ya Machi 2023 ilikuwa na rangi ya juisi ya rozela iliyozidishiwa maji, chachu, na ladha iliisha mdomoni upesi. Ya Septemba mwaka huohuo ilikuwa nzito, yenye ukakasi kama wa chai ya rangi iliyokolea. Miezi sita tu, lakini ungedhani zimetoka mikoa miwili.

Ya tatu, ya Septemba 2017, ndiyo ambayo mteja angeilipia mara mbili. Rangi ilikuwa imegeuka kahawia na harufu ya siki imeanza kupenya.

Sababu ni kwamba mvinyo hulindwa na ukakasi na uchachu wake. Mwepesi hauna akiba ya kukaa miaka mingi. Tena joto huuzeesha haraka: safari ya lori hadi Nyakanazi chini ya turubai, kisha duka la mabati. Chupa ya kizibo ikisimama miezi mingi, kizibo hukauka na hewa huingia.

Mwenye mtaji mdogo anunue mavuno ya kiangazi, azilaze chupa mahali penye ubaridi na giza, na auze mapema. Mteja aking'ang'ania wa zamani, usibishane naye. Mmiminie glasi mbili aonje. Kwangu wengi wameondoka na ya Septemba, kwa bei ya kawaida.