Amana ya Tone la Damu

Binti mmoja aliyekhitimu Qur'ani chuoni kwetu, leo akisomea sayansi, alitujia na swali: je, yafaa kuzitupa namba zinazomharibia matokeo? Tulimwomba kwanza atueleze kazi yenyewe.

Elimu hiyo huitwa metabolomiki. Hupima chembe ndogo ndogo zilizomo katika damu au mkojo, kama sukari, mafuta na asidi za amino. Mashine hupima uzito wa chembe na kuchora vilele kwa maelfu. Programu ya XCMS, iliyotoka California mwaka 2006, huvitambua na kuvipanga. MetaboAnalyst ya Kanada, ya mwaka 2009, husaidia kuvichambua. Zote mbili ni bure.

Bure, lakini si rahisi. Mashine huchoka, isisome jioni kama ilivyosoma asubuhi. Basi huchanganywa tone kutoka kila sampuli, na mchanganyiko huo ukapimwa tena na tena. Ukionyesha tofauti, iliyobadilika ni mashine, si mgonjwa. Aliyefunga na aliyekwisha futuru nao damu zao si sawa. Asiyeandika saa ya chakula huenda akaiita njaa maradhi. Na vilele 1,000 visivyo na tofauti yoyote ya kweli, kwa kipimo cha asilimia 5, takriban 50 vitadai kuwa nayo.

Tukamjibu: kipimo kilichoharibika huondolewa kwa sharti lililowekwa kabla ya kuyatazama matokeo, na sababu iandikwe. Kukiondoa kwa kuwa hakipendezi ni khiyana, maana kesho yupo atakayetibiwa kwa namba hizo.

Kati ya namba tano, mbili zilikuwa na sababu. Tatu amezirudisha.